Kombi ya Mninga

Dada yangu Merle hakutaka gari. Alitaka wiki moja ya hoteli kule Hermanus, chumba chenye dirisha la kutazama bahari, na mtu mwingine wa kumtandikia kitanda. Alikuwa ameisimulia ndoto hiyo mara nyingi hivi kwamba sisi wa mtaa wa Esselen Park tulijua hata rangi ya mapazia. Mume wake, shemeji yangu Aubrey Fortuin, naye alikuwa na ndoto yake. Tofauti ni kwamba yeye hakuisimulia. Aliinunua.

Walistaafu wote mwaka uleule. Merle alikuwa sista mkuu wa chumba cha upasuaji hapa Worcester, na miaka yote hiyo simu yake haikumwacha amalize sahani ya chakula. Aubrey alifundisha useremala sekondari. Ni mtu mpole, nadhifu, anayeweza kupita nyumbani kwako kukusalimia tu na kabla hujamaliza kumwaga chai ameshakunyooshea mlango wa kabati uliokuwa ukining'inia. Nilipoachwa na mume, yeye ndiye aliyekuja kubadilisha kitasa, na hakuuliza swali hata moja. Nayasema haya mapema ili mtu asije akadhani simpendi.

Ilikuwa kombi, gari la kulala humo safarini, na tuliiona Robertson, mwezi wa Februari. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja mjane aliyeitwa Loubser, na alikuwa ameiegesha kivulini mbele ya nyumba, nyeupe, yenye mstari wa kahawia ubavuni na paa linaloinuka kama kifuniko cha sufuria. Ilikuwa na umri wa kumzidi Charlene, binti wa Merle na Aubrey. Tulipofika injini ilikuwa tayari inaunguruma. Mzee Loubser alisema ameipasha moto kwa ajili yetu, nasi tukamshukuru kwa adabu yake.

Aubrey aliingia ndani, akafungua droo moja, akaifunga, akaifungua tena. Mle ndani mtu fulani, zamani, alikuwa amejenga makabati ya mninga mtupu. Si mbao za kubandika juu, ni mninga mzima, na maungio ya mkia wa njiwa, meno ya mbao yanayoumana bila msumari hata mmoja. Kulikuwa na kabati la nguo, kabati la vyombo, meza ya kukunjwa, rafu zenye vizuizi vya kuzuia vikombe visianguke, na benchi lililofunguka likawa kitanda. Shemeji yangu alipiga magoti. Akapitisha kidole kwenye kila ungio. Makabati aliyakagua mpaka kahawa yetu ikapoa, na injini akaitazama kwa muda wa kupiga chafya.

Merle aliuliza swali moja tu, kama inavuja. Mzee Loubser akaweka mkono kifuani na kusema tangu Krismasi halijaingia tone. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba tangu Krismasi halijaanguka tone lolote juu ya Robertson nzima.

Alipokabidhi funguo yule mzee alilia, machozi ya kweli, na Aubrey akamshika bega akimwahidi kwamba kombi imepata nyumba njema. Tukiwa njiani kurudi, mimi na Merle kwenye gari lao dogo tukimfuata Aubrey na kombi yake, dada yangu aliniambia kwamba kilio kile anakijua. Amekiona miaka mingi hospitali, kwa watu wanaoruhusiwa kwenda nyumbani.

Kwa miezi michache mambo yalikuwa mazuri. Aubrey alishona mapazia mapya, yeye mwenyewe, kwa mashine ya Merle. Aliyapaka makabati mafuta mpaka yakang'aa kama kiatu cha mwanajeshi. Kila jioni walikunywa kahawa ndani ya kombi, uani, hatua chache kutoka jikoni kwao, na majirani waliopita walialikwa kuingia na kusifu droo.

Kisha ikaja baridi, na baridi kwetu huja na mvua. Maji yaliingilia kwenye mpira wa paa, yakasafiri kimyakimya juu ya dari kama mtu anayetafuta anwani, yakatokea juu ya mto wa Aubrey. Akaziba. Yakatokea juu ya mto wa Merle. Akaziba tena, na wiki iliyofuata kombi ikaanza kunuka kama soksi iliyosahaulika. Aubrey alisema ni harufu ya mbao, mbao hupumua. Merle alibonyeza kona ya dari kwa kidole gumba, na kidole kikazama.

Hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sikulielewa mpaka baadaye sana. Dada yangu hakumfokea mumewe. Aliingia ndani, akatoka na kile chombo chake cha kusikilizia mapigo ya moyo, akakitia masikioni, akaenda nyuma ya kombi na kukiweka juu ya injini, kama mgonjwa aliyeletwa na machela. Alisikiliza upande huu, akasikiliza upande ule, akamwambia Aubrey apunguze mafuta, aongeze. Jirani alisimama kwenye ua na ndoo yake mkononi akitazama.

"Ana kitu kifuani," Merle akasema. "Si leo. Lakini anacho."

Aubrey alimwambia asiitie mkosi, kwa sababu Agosti tunakwenda kaskazini, Namaqualand, kuona maua ya porini.

Mimi nilichukuliwa kwa sababu Merle alisema anahitaji shahidi. Tuliondoka asubuhi, Aubrey kwenye usukani amevaa kofia mpya, Merle pembeni yake, mimi nyuma kwenye benchi kati ya gunia la viazi na boksi la zile biskuti ngumu za kuchovya. Barabara ya tambarare ilitupenda. Tuliimba nyimbo za kanisani hata ile sauti ya tatu ambayo hakuna anayeijua. Lakini baada ya Piketberg kuna mlima unaoitwa Piekenierskloof, na kombi ilipouona ni kama iliuliza kama hakuna njia nyingine.

Tulipanda. Mwendo ukapungua, ukapungua tena, mpaka ningeweza kuhesabu majani ya vichaka pembeni. Sindano ya joto ikaanza kupanda badala yetu. Merle, aliyekuwa hajaondoa macho kwenye sindano hiyo tangu Worcester, alisema washa hita.

Aubrey alidhani hakusikia vizuri. Nje kulikuwa na jua, na ndani tayari tulikuwa tunatoka jasho. Merle akaeleza kwamba hita inanyonya joto kutoka kwenye maji ya injini, na homa ikitoka kwa mgonjwa lazima iende mahali. Basi iliwashwa, mpaka mwisho. Nyuma yetu msururu wa magari ulikuwa umeshika mlima mzima ukitupigia honi, na ndani sisi tulikuwa tumefungua madirisha yote tukipulizwa hewa ya oveni usoni, Merle amevua viatu, mimi nimevua sweta na kubaki na ile blauzi ambayo si ya kuonekana. Mwendesha baiskeli mmoja alitupita tulipokuwa tumesimama kupoza injini. Tukampita. Tukasimama, akatupita tena. Mara ya mwisho alichomoa chungwa mfukoni akamrushia Aubrey dirishani, kwa huruma nafikiri, na Aubrey akalidaka. Niliiona shingo yake kwa nyuma. Ilikuwa nyekundu, na si kwa sababu ya hita.

Usiku wa kwanza ulitufundisha friji. Friji ya kombi ni ya gesi, na haipoi mpaka gari lisimame sawasawa, na Aubrey alikuwa ameegesha kwenye mteremko mdogo kwa sababu ya mandhari. Asubuhi soseji zetu zilikuwa zimeshabadilika rangi. Tulikula biskuti. Kuanzia siku hiyo Merle aliweka kisahani cha maji mezani kila tuliposimama, na hakuna aliyeruhusiwa kuzima injini mpaka maji yatulie katikati.

Kesho yake, tukikaribia Bitterfontein, mpira wa rejeta, ule unaopitisha maji ya kupoza injini, ulipasuka. Ulipasuka kwa mlio wa puto, kisha mvuke ukajaa mpaka Aubrey akadhani tunaungua na kutuamuru tutoke. Nilitoka na gunia la viazi. Sijui kwa nini nilichagua viazi.

Aliyetukuta barabarani ni fundi wa pale, mtu mkubwa asiye na haraka aliyeitwa Giel Cloete. Alitufunga kamba nyuma ya pikapu yake, akatuburuta taratibu hadi gereji. Alitazama mpira uliopasuka na kusema huu ni uzee tu, mipira yote humo imekuwa kama biskuti, atauagiza mwingine kutoka Springbok. Halafu akarudi nyuma kidogo, akainama, akatazama jinsi kombi ilivyokaa juu ya magurudumu yake. Akauliza tumebeba nini.

Aubrey akasema hatujabeba kitu. Nguo na chakula.

Mkabala na gereji kulikuwa na mizani ya kupimia malori ya kondoo. Giel akasema, bila kutukana mtu, kwamba angependa kuipima. Tukaisukuma mpaka juu ya mizani, Giel akasoma, akasoma tena, akamwita Aubrey asome mwenyewe. Aubrey akasema mizani ni mbovu. Akaniomba mimi nishuke, maana nilikuwa nimeshapanda tena kukaa.

Nikashuka. Akasoma. Akamwomba Merle ashuke.

"Aubrey," Merle akasema, "mimi niko huku chini tangu mwanzo."

Zikashushwa nguo, yakashushwa maji, likashushwa hata lile boksi la biskuti. Kombi ilibaki nzito vilevile. Giel akafungua mlango, akapiga kabati la nguo kwa ngumi, likatoa sauti ya jeneza la tajiri.

"Anko," akasema, "hapa hujabeba mzigo. Umebeba nyumba. Injini hii ilitengenezwa kubeba watu na mabegi yao. Haya madude ndiyo yanayoiua."

Shemeji yangu alivua ile kofia yake mpya. Aliyefundisha nusu ya vijana wa Worcester uzito wa kila mbao, mninga, msonobari, mkaratusi, hakuwahi kuufikiria uzito wa kabati alilolipenda. Aliingia ndani, akaketi kwenye benchi, akafunga mlango. Tulimwacha.

Mpira wa rejeta haukuja siku ile, wala iliyofuata. Tulilala nyuma ya gereji, kati ya tangi la maji na zizi la mbuzi, mahali pasipofika hata mtandao wa simu. Mama yake Giel, Anti Drieka, alituletea mikate iliyochomwa juu ya makaa na jamu ya aprikoti, na mchana alikuja na karata. Aubrey alizunguka uani mikono nyuma kama mwalimu wa zamu. Mara aende barabarani kutazama kama basi la kuleta mpira linakuja, mara arudi.

Merle alilala. Alilala baada ya kifungua kinywa mpaka saa za chakula, akala, akacheza karata na Anti Drieka, akamshinda, akalala tena. Siku ya pili nikaanza kuogopa. Nikaingia ndani ya kombi nikamgusa paji la uso kama yeye alivyogusa watu maisha yake yote.

"Sina homa, Lorna," akasema bila kufungua macho.

Nikamwambia si kawaida yake kulala hivi.

Akavuta blanketi. Mbuzi mmoja alikuwa anajikuna kwenye bampa na kombi ilikuwa inatikisika taratibu kama kitanda cha mtoto.

"Tangu nianze kazi sijawahi kulala mahali ambapo hakuna mtu anayejua pa kunipata," akasema. "Hotelini wangenipata. Kuna simu mpaka chooni, niliona kwenye picha. Hapa nani atanipata? Mbuzi?"

Akageukia ukutani, akalala.

Siku ya maua yenyewe Giel alitupeleka kwa pikapu yake mpaka kwenye bonde linalosifiwa kuliko yote. Kulikuwa na mawingu. Maua yale hayafunguki bila jua, kwa hiyo tulisimama mbele ya shamba kubwa la vitumba vya kijani, pamoja na basi zima la wageni kutoka Cape Town waliokuwa wakipiga picha kwa hasira. Kesho yake mpira ukafika, jua likatoka, na Aubrey akasema tunarudi nyumbani.

Na kurudi ndiko kulikotupa tulichokifuata. Maua hulitazama jua, na huku kusini mwa Afrika jua hukaa upande wa kaskazini, kwa hiyo anayekwenda kaskazini huyaona migongo. Sisi tulikuwa tunaelekea kusini saa sita mchana. Yalikuwa yametugeukia yote, ya machungwa, meupe, ya zambarau, kuanzia lami mpaka vilimani, kama mkutano mzima uliogeuza shingo kumtazama aliyechelewa. Merle alishika mdomo. Mimi nililia kidogo. Aubrey hakuyaona. Alikuwa anatazama sindano ya joto.

Tulipofika Worcester aliegesha kombi, akaikunja kofia yake mpya akaitia kwenye droo, na wiki hiyohiyo tangazo la kuiuza likatokea kwenye dirisha la duka la vifaa vya ujenzi. Merle hakusema neno. Niliona kwamba hasemi, nikadhani ni ushindi.

Mnunuzi wa kwanza alikuwa meneja wa shamba la mizabibu kutoka Rawsonville, bwana mwenye suruali fupi na sauti ya kuitia mbwa. Aliingia ndani na nikamwona anafanya yaleyale. Akafungua droo. Akaifunga. Akaifungua tena. Aubrey alisimama mlangoni akimweleza habari za mikia ya njiwa. Merle alikuwa amekaa kwenye kiti uani, anamenya viazi.

"Umeigusa injini?" Merle akamuuliza yule bwana.

Yule bwana akauliza aiguse ya nini, si anaisikia inaunguruma vizuri.

"Ndiyo maana nakuuliza," Merle akasema. "Ukienda kununua gari la zamani ukakuta injini ya moto, jiulize ilipokuwa baridi ilikuwa inafanya nini. Huyu asubuhi anakohoa sana kabla hajaamka. Mume wangu amemwasha tangu saa mbili."

Ilikuwa kweli. Aubrey alikuwa ameipasha moto kwa ajili ya mgeni, na naapa sidhani hata alijua kwamba anafanya alichofanyiwa. Akageuka rangi. Yule bwana wa Rawsonville alitoka ndani ya kombi, akaweka mkono juu ya bonneti ya nyuma, akautoa haraka, akasema atafikiri. Gari lake lilikuwa limeshafika kona kabla viazi havijaisha.

Aubrey alimwomba mkewe, kwa upole, kwamba wakija wengine yeye abaki jikoni. Merle akasema sawa.

Waliofuata walikuwa vijana wawili waliooana karibuni, Chesray Booysen na mkewe Tamlyn, walimu wote wawili, wameshikana mikono na hawajawahi kumiliki hata toroli. Merle alikaa jikoni kama alivyoahidi, mpaka Tamlyn alipoingia kuomba maji ya kunywa. Mimi nilikuwepo. Nilimwona dada yangu akimtazama yule msichana, viatu vyake vyeupe, uso wake wenye furaha, kisha akajifuta mikono na kutoka naye nje.

Aubrey aliwaachia uani, akaja kusimama nami dirishani. Kwanza Merle aliwapigisha magoti. Aliwapa sumaku aliyoibandua kwenye friji, ile yenye picha ya twiga, akawaambia waipitishe chini ya mlango pole pole. Ilishika, ikashika, ikaanguka. Akawaonyesha kwamba pale ilipoanguka hakuna bati tena, kuna puti na rangi, na kutu inakula kwa raha zake chini. Akawaonyesha tairi nne zenye meno mazima, mazuri kabisa, kisha akawasomesha tarakimu ndogo za ubavuni zinazosema tairi ilizaliwa lini, na Chesray akasema alikuwa darasa la tano mwaka huo. Akawaingiza ndani, akawaambia wafunge macho na kunusa. Akawabonyezesha dari. Akapaka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi, wakahesabu pamoja mapovu ya gesi inayovuja kama watoto. Akawaambia kwamba mtu asinunue kitu kama hiki kiangazi, asubiri siku ya mvua aje na mwavuli. Na kwamba kiasi atakachotoa kununua aweke kingine pembeni, maana gari la umri huu halinunuliwi mara moja, hununuliwa kila mwezi.

Wale watoto walitoka wamepauka. Walimshukuru Merle, Tamlyn akamkumbatia, wakaondoka wameshikana mikono kwa nguvu zaidi kuliko walivyokuja.

Aubrey aliketi mezani. Merle alipoingia alimuuliza swali ambalo nadhani alikuwa nalo muda mrefu.

"Mama Charlene, niambie tu nijue. Wewe uko upande wa nani?"

"Wa kombi," Merle akasema.

Nikataka kutoka, lakini mlango uko upande waliokaa.

"Sitaki iuzwe," akaendelea. Akavuta kiti. "Unafahamu nililala kule Bitterfontein?"

"Ulilala kwa sababu ulichoka na mimi."

"Nililala kwa sababu nilichoka. Wewe hukuwemo kwenye hesabu hiyo."

Aubrey akauliza kama ni hivyo kwa nini hakusema siku ile tangazo lilipoandikwa. Merle akamjibu kwamba yeye Aubrey hakumuuliza wakati wa kununua, kwa hiyo naye hakuona sababu ya kumuuliza wakati wa kutouza. Nilicheka. Wote wawili walinitazama, nikaacha.

Kisha Aubrey akasema jambo ambalo lilinifanya nione aibu kwa kucheka. Alisema pale mlimani, zile honi nyuma yake, alijisikia mzee kwa mara ya kwanza. Siku ya kustaafu hakujisikia hivyo, wala siku ile alipopewa saa na keki. Ilikuwa pale, na hita usoni na chungwa mkononi. Alisema kila akiitazama kombi anaziona zile gari nyuma. Merle hakumbembeleza, si tabia yake. Alisema basi yeye ndiye atakayeendesha, kwa sababu chumba cha upasuaji kimemzoesha watu wenye haraka, na aliyeko nyuma na apige honi mpaka betri yake iishe.

"Lakini makabati yatoke," akasema.

Aubrey alitazama nje, pale kombi ilipoegeshwa. Akasema ameshajua.

Aliyatoa mwenyewe, hakutaka msaada. Hakukata kitu, aliyafungua ungio kwa ungio, pole pole, kama mtu anayemvua mgonjwa nguo. Ilimchukua karibu wiki. Chini ya kabati la nguo sakafu ilikuwa imeoza mpaka unaona mchanga wa uani, na nyuma ya kabati la vyombo kulikuwa na kiota cha panya kilichojengwa kwa mapazia ya zamani ya mzee Loubser, kiota safi, ungesema nacho kina mikia ya njiwa. Fundi bodi akaja akachomelea bati jipya. Aubrey akajenga makabati mengine ya plaiwudi nyembamba, akayatoboa matundu hata mahali pasipohitaji, ili mradi wepesi. Hayapendezi. Yeye mwenyewe anasema yanafanana na maboksi ya nyanya. Lakini kombi sasa inapanda mlima kama mtu mzima mwenye afya ya kawaida, taratibu, bila kumwomba mtu hita.

Makabati ya mninga yako kwangu. Yamejaa jikoni mpaka nageuka ubavu kupita, na hakuna sahani yangu hata moja inayoingia kwenye zile rafu, kwa sababu zilitengenezwa kwa vyombo vya gari. Naweka humo mishumaa na vitunguu. Aubrey huja Jumapili kuyapaka mafuta.

Mwezi Oktoba Tamlyn Booysen alipiga simu. Walikuwa wameona kombi nyingine inauzwa Ashton, na je, Anti Merle angeweza kuja kuitazama kabla hawajafanya ujinga? Merle alichukua sumaku, sabuni na kile chombo cha masikioni. Tulikwenda wote watano kwenye kombi yetu, wale vijana nyuma pamoja nami.

Muuzaji alikuwa bibi mmoja mjane, Bi Hettie Arendse, na kombi ilikuwa ya marehemu mumewe. Merle aliingia chini ya gari. Aubrey alimwona yule bibi anavyofinya kitambaa chake, akamwongoza kwenda kuketi barazani, akamtengenezea chai katika jiko la bibi mwenyewe, akaanza kumuuliza habari za mumewe na safari zao. Nilielewa anachofanya. Kila mtu alimsikitikia mnunuzi, yeye akaenda kukaa na muuzaji.

Merle alipotoka uvunguni, na majani kwenye nywele, alimweleza Bi Hettie ukweli wote, kutu, mipira, paa, tairi. Wale vijana wakajiandaa kuomba apunguze bei. Lakini yule bibi alikuwa anamsikiliza Merle kwa namna nyingine. Akauliza, na hiyo mipira, inabadilishwaje? Ni kazi ya siku ngapi? Na mtu wa umri wake anaweza kuwasha friji peke yake?

Merle akamwambia alete spana.

Walishinda chini ya gari mpaka jua likaegemea upande wa pili, wanawake wawili wenye umri wa kuwa na wajukuu, miguu yao tu ikionekana, na sauti ya Bi Hettie ikiuliza hiki ni nini, na hiki. Aubrey alikuwa ndani akinyoosha mlango wa kabati. Mimi nilipewa kazi ya kushika tochi mchana kweupe. Ilipofika jioni bibi alitoka amepakaa grisi mpaka kwenye nyusi na kusema anaomba radhi sana, lakini kombi haiuzwi tena, dada yake yuko Upington na hawajaonana muda mrefu.

Chesray na Tamlyn walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya baraza tangu saa nne, na hakuna aliyekumbuka kuwapa hata biskuti. Tuliwanunulia samaki na chipsi pale Robertson tukirudi. Walikula mpaka mfupa wa mwisho, na walipomaliza Tamlyn alimuuliza Merle kama Jumamosi ijayo ana nafasi, kuna nyingine Ceres.